Menuconfig: ilinila nusu ya prosesa, na bado naipa nyota nne

Ninachokikagua hapa ni ile menyu ya buluu inayofunguka kwenye terminali ukiandika `make menuconfig` ndani ya folda ya msimbo wa kerneli ya Linux, yaani ile programu ya ndani kabisa ya mfumo inayoendesha mashine; kwenye menyu hiyo ndipo unapochagua kitakachoingia ndani yake kabla ya kuijenga. Haiuzwi, haina tangazo, na sura yake ni ya enzi ambazo kompyuta nzima ilikuwa na rangi 16. Lakini ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Kuna watu wameitengeneza ili mimi niitumie, nami nimeitumia wikendi tatu mfululizo, kwa hiyo ruhusa ya kuisifu na kuilalamikia ninayo.

Kazi yangu ni kurekodi sauti. Nasoma maandishi ya watu mbele ya maikrofoni, nakata, nasafisha, natuma. Laptopu yangu ina prosesa ya viini 8, kila kiini kina nyuzi 2, yaani kinashika mikondo miwili ya kazi kwa pamoja, jumla CPU 16 machoni pa mfumo, na RAM ya GB 16. Ukiisikia hivyo utadhani haishindwi na kitu. Lakini kila nilipokuwa narekodi huku kivinjari kimefunguliwa, sauti ilikuwa inakatika kidogo: tik! Kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti nyuma ya kisogo chako. Ukishaisikia mara moja basi, sikio halitaki tena kusikia kitu kingine.

Mwenzangu mmoja akaniambia kosa ni la kerneli ya distro, yaani ile iliyokuja tayari na mkusanyo wa Linux niliousakinisha. Imejengwa iwake kwenye kila mashine iliyopo chini ya jua, akasema, wewe jijengee ya kwako, uiambie ina viini vingapi na inafanya kazi gani. Aliongea kwa uhakika wa fundi. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba yeye mwenyewe hajawahi kujenga hata moja.

Nikachagua toleo la 6.12, la Novemba 2024, kwa sababu moja: ndilo la kwanza ambalo uwezo wa PREEMPT_RT, yaani kerneli inayokubali kukatizwa karibu kila mahali ili kazi ya haraka ipite, unapatikana ndani ya msimbo rasmi kwa prosesa za x86 bila kubandika viraka vya pembeni. Viraka hivyo vilikuwa vikitembea nje ya nyumba kwa takriban miaka 20. Nilitaka kuonja.

Kabla haijafunguka, menyu inadai mahari yake: zana za flex na bison, na faili za ncurses za kujengea programu. Ukikosa kimojawapo inakataa, ila inakuambia waziwazi imekosa nini, nalo hilo ni jambo la kushukuru. Halafu unatakiwa kuamua unaanzia wapi. Mimi nilinakili faili ya mipangilio ya kerneli iliyokuwa inaendesha mashine, iliyoko kwenye /boot, nikaipa jina la `.config`. Kuanza na ukurasa mtupu sikushauri. Machaguo yamezidi 10,000, na ukisema uyapitie moja moja utazeeka hapo hapo.

Ndani, mambo ni mepesi kuliko sura yake inavyotisha. Mishale ya kupanda na kushuka, Enter ya kuingia, Y ya kukijenga kitu ndani ya kerneli yenyewe, M ya kukifanya moduli, kipande cha pembeni kinachopakiwa kikihitajika, N ya kukiacha. Alama ya kuuliza inaleta maelezo. Kutoka ni kubonyeza Esc mara mbili, na ukizidisha kwa hasira unajikuta umetolewa nje kabisa unaulizwa kama utahifadhi. Nimetolewa nje namna hiyo mara nyingi.

Kitu kinachostahili sifa zote ni utafutaji. Bonyeza mkwaju, `/`, andika kipande cha jina, tuseme NUMA, na inakuletea kila chaguo lenye neno hilo: lina thamani gani sasa, linakaa menyu gani, linategemea nini ili liruhusiwe, na limewashwa na nani kama si wewe uliyeliwasha. Pembeni mwa kila jibu kuna namba kwenye mabano. Ibonyeze hiyo namba, inakurusha hadi mahali penyewe. Nimetumia programu za kulipia zenye menyu za kung'aa ambazo hazijafikia hapo. Kama unaanza leo, usitembee kwenye menyu, tafuta.

Sasa tuje kwenye viini, kwa kuwa ndivyo vilivyonipeleka.

Kerneli hii haikuzaliwa ikijua kugawa kazi kwenye prosesa nyingi. Toleo la 2.0 la mwaka 1996 ndilo toleo thabiti la kwanza kufanya hivyo, na lilifanya kwa kufuli moja kubwa: kiini kimoja kikiwa ndani ya kerneli, vingine vinangoja mlangoni. Kufuli hilo liliondolewa kipande kwa kipande hadi likaisha kabisa kwenye 2.6.39, mwaka 2011. Naleta historia hii kwa sababu menyu imejaa mabaki yake. Chaguo la SMP, linaloiambia kerneli kwamba CPU ni zaidi ya moja, bado lipo kama swali la kujibiwa ndiyo au hapana, ilhali mashine yenye kiini kimoja siku hizi unaitafuta kwa tochi. Kwenye x86 hata ukiiwasha SMP kisha ukaiwekea mashine ya CPU moja, kerneli inajikagua inapoamka na kufuta maelekezo ya kufunga njia ya kumbukumbu (basi) ambayo hayahitajiki. Liache limewashwa, songa mbele.

Lililoniuma ni NR_CPUS.

Mipangilio niliyonakili ilikuwa imewasha MAXSMP, chaguo la kuwasha ukomo wa juu kabisa, na kwa hiyo NR_CPUS ilikuwa 8192. Laptopu yangu, CPU 8192! Nikacheka peke yangu. MAXSMP ikiwa imewashwa, swali la NR_CPUS halionekani hata kwenye menyu, kwa hiyo nikaizima kwanza. Namba ikajitokeza. Nikasoma maelezo: idadi ya juu ya CPU ambazo kerneli itazikubali, lengo ni kuokoa kumbukumbu tu, kila CPU inaongeza kama KB 8. Prosesa yangu ya viini 8. Nikaandika 8, nikahifadhi, nikajenga. Dakika 52, feni inalia kama inataka kuruka.

Iliwaka. Nikajipongeza, nikapika tena kwa mabadiliko mengine madogo, nikaona saa inayoyoma. Saa nzima ikapita. Saa moja na nusu. Nikaandika `nproc`, amri inayohesabu CPU zinazotumika, ikanijibu 8.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba CPU inayohesabiwa na NR_CPUS si kiini. Ni uzi. Nilikuwa nimezikata nyuzi 8. Na haikuishia hapo. Nilijiliwaza kwamba angalau kila kiini kimebaki na uzi wake mmoja, nikaendesha `lscpu -e` ili nijiridhishe, nikakuta nyuzi pacha kwenye mashine yangu zimepewa namba zinazofuatana: CPU 0 na 1 ni kiini kimoja, 2 na 3 kiini kingine. Kerneli ilihesabu nane za kwanza ikafunga mlango. Nilibakiwa na viini vinne vizima, na vinne vingine vimekaa bure. Nusu ya prosesa niliyoinunua kwa jasho, nimeizima mwenyewe kwa tarakimu moja.

Maelezo ya menyu hayasemi neno "uzi" popote kwenye chaguo hilo. Sentensi moja ingetosha: hesabu nyuzi, si viini. Kwa hilo naikata menyu nusu nyota, na sioni aibu.

Ukweli mwingine nilioujua baada ya kuumia: faida niliyokuwa naikimbilia haipo. Kwa hesabu ya maelezo yenyewe, kushusha kutoka 64 hadi 16 kunaokoa kama KB 384. Kwenye RAM ya GB 16 hilo ni tone baharini. Kinachobadilika kidogo ni hii: kerneli hushika orodha za CPU kama safu ya biti, biti moja kwa kila CPU. CPU 64 zinaingia kwenye neno moja la mashine, baiti 8. CPU 8192 zinahitaji baiti 1024, na rundo la kazi za muda la kerneli (stack) kwenye x86 ya biti 64 ni KB 16 tu, ndiyo maana MAXSMP inalazimisha orodha hizo zihifadhiwe kwingine. Kwa hiyo nimeweka 64 na kuiacha. Hata nikibadilisha laptopu kesho, haitanifunga.

Jirani ya hapo kuna SCHED_MC, inayomfundisha mratibu, ile sehemu ya kerneli inayoamua kazi gani iende kiini gani, kwamba viini vilivyo kwenye chipu moja vinashirikiana kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka. Hapa menyu ilinichekesha. Chaguo linakuja likiwa limewashwa, halafu ukisoma maelezo yake chini kabisa yanakushauri: kama huna uhakika, jibu hapana. Sasa nimsikilize nani, aliyeiwasha au aliyeandika? Nimesikiliza aliyeiwasha. Mwenye prosesa ya viini vingi anayekizima kitu hiki anamfunga mratibu kitambaa machoni.

Ndugu yake SCHED_SMT, anayehusu nyuzi pacha ndani ya kiini kimoja, haulizwi tena kwenye x86. Ukimtafuta kwa mkwaju utamwona, amewashwa, lakini hana kisanduku cha kubonyeza. Nilipoteza robo saa nikidhani nimekosea njia. Ukitaka kuzima nyuzi pacha, hilo linafanyika mashine ikiwa inaendelea na kazi, kwa kuandika kwenye `/sys/devices/system/cpu/smt/control`, au kwa neno `nosmt` wakati wa kuwaka. Huhitaji kujenga chochote.

NUMA ni kwa mashine ambazo kumbukumbu imegawanyika, kila kundi la viini lina RAM yake ya karibu na ya mbali. Seva zenye soketi mbili, ndiyo. Maelezo ya menyu yanaipendekeza kwa mwenye Core i7 au ya baadaye, na jina hilo limebandikwa kwenye laptopu chungu nzima ambazo zina kumbukumbu ya kundi moja tu. Usilisikilize. Endesha `lscpu`, tazama mstari wa nodi za NUMA. Wangu umesema 1. Nikaizima, na sikuona tofauti yoyote, si nzuri si mbaya.

Orodha ya aina za prosesa nayo ni makumbusho. Kwenye 6.12 unachagua kati ya Opteron, Pentium 4, Core 2, Atom, au ile ya jumla. Core 2 ilitoka mwaka 2006! Mwenye prosesa ya jana anachagua ya jumla na kuinamisha kichwa. Nilijaribu Core 2 kwa kuwa maelezo yake yanagusa Xeon mpya pia, nikarudi kwenye ya jumla, na saa yangu haikujua nilichofanya.

Wikendi ya pili niliitumia kupunguza mzigo, kwa sababu dakika 52 za kujenga kila nikibadilisha herufi moja ni adhabu. Hapa kuna amri ambayo si menyu yenyewe lakini ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo: `make localmodconfig`. Inatazama moduli zilizopakiwa muda huo kwenye mashine yako na kuzima nyingine zote. Draiva za kadi za mtandao usizowahi kuziona, za vijiti vya michezo, za redio, zote zinaondoka. Nikazima pia taarifa za kusaka hitilafu, ambazo zinajaza diski na kunyonya RAM wakati wa kuunganisha. Ujenzi ukashuka hadi dakika 6 na sekunde kidogo, kwa `make -j16`, yaani kazi 16 za ujenzi kwa mpigo. Ile namba baada ya j usiisahau. Niliwahi kuandika `-j` tupu, ikazaa vikompaila bila kikomo, RAM ikaisha, nikabaki nabonyeza kitufe cha kuzimia kama mpishi anayefukuza nzi.

Dakika 6! Nikawasha kerneli mpya, `nproc` 16, kila kitu kinaruka. Nikachomeka kifaa changu cha kurekodia cha USB.

Kimya.

Kifaa hakikuwa kimechomekwa wakati naendesha localmodconfig. Moduli ya snd-usb-audio haikuwa imepakiwa, kwa hiyo amri ikaona haina kazi, ikaifuta. Nimejenga kerneli kwa ajili ya sauti, na sauti ndiyo niliyoitupa. Amri haikukosea, ilifanya nilichoiomba. Dawa yake ni kuchomeka kila kitu unachokimiliki kabla ya kuiendesha: kifaa cha sauti, kamera, fimbo ya USB yenye mfumo wa faili wa kigeni, hata printa. Au uwe unahifadhi matokeo ya `lsmod`, orodha ya moduli zilizopakiwa, kwa siku kadhaa kisha uipe orodha hiyo kupitia LSMOD. Mimi nilirudi kwenye menyu, mkwaju, SND_USB_AUDIO, M, nikajenga upya.

Humo katikati ujenzi mmoja ulinifia mara moja kwa kulalamika kwamba hakuna kanuni ya kutengeneza faili fulani ya cheti. Kumbe mipangilio niliyonakili ilikuwa na njia ya kuelekea vyeti vya waliotengeneza ile distro, na vyeti hivyo havimo kwenye msimbo wa kawaida. Unaingia sehemu ya vyeti, chini ya menyu ya kriptografia, unafuta maandishi ya SYSTEM_TRUSTED_KEYS na ya ile ya vyeti vilivyobatilishwa, mambo yanaenda. Ukijua ni dakika moja. Usipojua ni usiku mzima, nami nilikuwa sijui.

Wikendi ya tatu ndiyo ya PREEMPT_RT, na hapa nina neno zito na menyu hii. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Menyu hii inaficha. Chaguo ambalo masharti yake hayajatimia halionyeshwi kwa rangi ya kijivu, halisemi "nimezimwa kwa sababu hii". Linatoweka, kama halikuwahi kuwepo. Niliingia mahali pa kuchagua namna ya kukatizana, nikakuta zile za kawaida: isiyokatizwa, ya hiari, na ya kukatizwa kwa ajili ya kazi za mezani. RT haipo. Nikadhani nimepakua msimbo mbovu. Utafutaji ndio ulioniokoa tena: RT inategemea EXPERT, kisanduku cha wataalamu kilicho kwingine kabisa ndani ya mipangilio ya jumla. Washa hicho, rudi, RT hiyo hapo inakutazama.

Kuna herufi Z, ambayo ukiibonyeza inaonyesha yaliyofichwa. Imeandikwa kwenye msaada, ambao nani anausoma?

Ubaya mkubwa wa ufichaji huu niliuona mahali nisipopategemea. Nilipozima taarifa za kusaka hitilafu wikendi ile ya pili, nilizima pia kitu kiitwacho BTF, maelezo ya aina za data zilizomo ndani ya kerneli. Kwenye 6.12 kuna uwezo mpya, sched_ext, wa kuandika mratibu wako mwenyewe na kumpachika kwenye kerneli inayotembea, na mimi nilitaka kuujaribu baadaye. Unahitaji BTF. Menyu iliuondoa bila kuniaga. Hakuna onyo wakati wa kuhifadhi, hakuna orodha ya "umezima hiki, na hiki kimeenda nacho". Nikagundua wiki moja baadaye. Siku hizi kila nikimaliza naendesha `scripts/diffconfig` kulinganisha faili ya zamani na mpya, na mara nyingi nakuta nimegusa vitatu, vimebadilika kumi na vinane.

Tabia hiyo hiyo utaikuta kwenye faili ya `.config` ukiihariri kwa mkono. Mstari unaoanza na alama ya reli (#), ambao kila mtu aliyewahi kuandika skripti atauona kuwa ni maoni tu, humo una maana: chaguo hili limezimwa. Na ukiandika chaguo ambalo masharti yake hayajakamilika, ujenzi ukianza linafutwa kimya kimya.

Lalamiko la mwisho ni mpangilio wa vyumba. Namna ya kukatizana iko mipangilio ya jumla. Kasi ya mapigo ya saa ya kerneli, 100, 250, 300 au 1000 kwa sekunde, iko kwenye menyu ya prosesa. Namna ya kuyazima mapigo hayo kiini kikiwa hakina kazi, imerudi tena mipangilio ya jumla, kwenye kijimenyu cha saa. Kasi ya viini kupanda na kushuka iko kwenye umeme. Ni mambo ya ukoo mmoja, yamelala nyumba nne. Mtu anayetaka kuipanga mashine yake ya viini vingi anazunguka kama anayetoa mwaliko wa harusi.

Je, tik imeisha? Imeisha. Zamani nilikuwa nalazimika kuweka bafa, akiba ya sauti inayosubiri kushughulikiwa, ya sampuli 512 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, karibu milisekunde 11, na bado inakatika. Kwenye kerneli yangu ya RT nimeshuka hadi sampuli 128, milisekunde 2.7 hivi, nikarekodi saa nzima kivinjari kikiwa wazi, na sikio langu halikushtuka hata mara moja. Mapigo 250 dhidi ya 1000 hayakuniletea tofauti ninayoweza kuisikia, na nimeyapima kwa siku mbili. Gharama ipo: kazi nzito za mfululizo zinachelewa kidogo. Ujenzi uliokuwa dakika 6 sasa unakaribia 7, kwa sababu mashine inakatizwa katizwa.

Lakini nisikudanganye. Baada ya yote hayo niliwasha tena ile kerneli ya distro, ya mwanzo kabisa, nikaiongezea maneno mawili kwenye mstari wa kuwaka: `preempt=full`, la kuruhusu kukatizwa kikamilifu, na `threadirqs`, la kugeuza miito ya vifaa kuwa kazi zinazopangwa na mratibu. Kerneli nyingi za sasa zimejengwa kwa PREEMPT_DYNAMIC, kwa hiyo namna ya kukatizana inachaguliwa wakati wa kuwaka. Nikapata sampuli 256 safi. Dakika mbili za kazi, bila kompaila, bila wikendi tatu. Kama hilo lingekutosha, anzia hapo na uache menyu ilale.

Anayebaki na menyu ni wewe unayetaka kile kipande cha mwisho, au unayetaka kujua ndani ya mashine yako kuna nini. Kwa huyo, menyu hii ni mwalimu mkali: jibu analo, ila haongei mpaka uulize kwa jina. Nyota nne kati ya tano. Ile nusu ya NR_CPUS, na nusu nyingine ya kutoweka kimya kimya. Na kama unasoma ukaguzi huu ukitafuta kasi, jua kwamba machaguo yote ya viini vingi niliyoyagusa, ukiacha lile la kukatizana, hayakuniongezea hata sekunde moja. Walioyapanga kabla yangu walikuwa wameyapanga vizuri, na nilipoyagusa niliyaharibu.

Toleo dogo la marekebisho likitoka, nanakili `.config` yangu ya zamani, naendesha `make olddefconfig`, inayojaza machaguo mapya kwa majibu ya kawaida, natazama diffconfig, najenga nikiwa nasafisha faili za jana. Kerneli ya distro imebaki kwenye orodha ya kuwashia na sitaiondoa. Na kifaa cha sauti sikichomoi tena.